Kioo ni Kioo: Acheni Kutuuzia Kigiriki

Nianze na dai langu lilivyo, ili anayetaka kugombana nami ajue tangu mwanzo tunagombania nini. Neno "hayalini" halina kazi katika Kiswahili ambayo neno "kioo" haliwezi kuifanya, tena vizuri zaidi. Na wale wanaotuambia kwamba "hayalini" ni sayansi na "kioo" ni maneno ya barazani, hawaijui historia ya hilo neno wanalolitetea.

Kilichonichokoza ni hiki. Hapa kwetu Bububu mie hujulikana kama mtu wa kusahihisha lugha: barua za maombi, hotuba za harusi, miswada ya vijana wanaotaka kuwa waandishi. Basi nikaletewa kijitabu cha afya ya mama na mtoto, kilichotafsiriwa na taasisi ambayo sina haja ya kuitaja, nikipitie Kiswahili chake. Kwa sehemu kubwa kilikuwa kizuri. Ulionishinda ni ukurasa wa watoto njiti. Uliandika kwamba mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake anaweza kupata "ugonjwa wa membreni ya hayalini". Nikapiga mstari, nikaandika pembeni "utando kioo". Siku ya pili nikapigiwa simu: "Hayo ni maelezo, bwana. Sisi tunataka istilahi."

Hayo ni maelezo, sisi tunataka istilahi. Nimeisikia kauli hiyo kwa watafsiri, kwa walimu, kwa watangazaji, hata kwa washairi ambao wangepaswa kujua zaidi. Maana yake, ukiivua nguo, ni kwamba neno linaloeleweka haliwezi kuwa la kitaalamu. Likishaeleweka na mama muuza vitumbua basi limeshapoteza cheo. Nataka tuitazame imani hiyo kwa kulifuata neno moja tu, hili la kioo, mpaka lilikotoka.

Lilikotoka ni Ugiriki, na huko halikuwa neno la kitaalamu hata kidogo. "Hyalos" lilikuwa neno la mitaani. Mwanzoni Wagiriki waliliita hivyo jiwe lolote la kupenya mwanga, baadaye likatulia kwenye kioo tunachokijua. Herodotus, mwanahistoria wa karne ya 5 kabla ya Kristo, anasimulia habari za watu aliowaita Waethiopia, watu weusi walioishi kusini ya Misri. Anasema maiti wao waliwekwa ndani ya nguzo iliyochongwa uwazi katikati, nguzo ya "hyalos", jiwe lililochimbwa kwao kwa wingi, na marehemu akawa anaonekana kwa nje. Kama kisa ni kweli au ni porojo za wasafiri si hoja yangu. Hoja yangu ni kwamba moja katika matumizi ya zamani ya neno hili tunaloambiwa ni la wataalamu tu linahusu Waafrika na kaburi lao, na msimulizi alilitumia kama mimi ninavyosema "kigae" au "chupa".

Karne kadhaa baadaye wakaja matabibu. Ndani ya jicho, nyuma ya lenzi, kuna ute mzito unaojaza sehemu kubwa ya tufe la jicho. Kwa mtu mzima ni kama mililita 4, na karibu wote ni maji: asilimia 98 au 99. Ni mweupe wa kuonea, unapitisha mwanga. Galen wa Pergamon, tabibu mkubwa wa karne ya 2, akiandika kwa Kigiriki chake, aliuita ute huo "hyaloeides". Sehemu ya mwisho ya neno hilo maana yake ni umbo, sura, mfano wa kitu. Kwa hiyo alichosema Galen ni "ute mfano wa kioo". Basi. Mgiriki yeyote wa sokoni angelisikia hilo neno na kuelewa. Galen naye angepigiwa simu na wale jamaa zangu: hayo ni maelezo, bwana.

Sasa tuone wengine walifanya nini neno hili lilipowafikia, maana hapa ndipo kesi inapoamuliwa. Karne ya 9, Baghdad, Hunayn ibn Ishaq, aliyefariki mwaka 873, alikuwa akivitia vitabu vya Galen katika Kisiria na Kiarabu, na akaandika mwenyewe maqala kumi juu ya jicho. Hunayn hakuwa mtu wa kuogopa kukopa. Waarabu wa zama zake walikopa kutoka Kigiriki walipohitaji, na sisi tunayo mpaka leo "falsafa", iliyopita mikononi mwao. Lakini ute wa jicho hawakuuita "hiyalusi". Waliuita kwa neno lililotokana na "zujaj", kioo kwa Kiarabu. Walatini walipoupokea wakasema "vitreus", kutokana na "vitrum", kioo kwa Kilatini. Wajerumani, ambao hakuna anayewadharau kwa sayansi, mpaka leo wanauita "Glaskörper", mwili wa kioo. Wachina na Wajapani nao wamefanya hivyo hivyo, kila mmoja kwa neno lake la kioo.

Kwa hiyo mnyororo wote, kutoka Pergamon mpaka Baghdad mpaka Beijing, ni wa watu waliofasiri. Kila aliyelipokea neno alijiuliza: mwenzangu kaona nini hata akasema hivi? Akaona kioo, akasema kioo kwa lugha ya mama yake. Sisi ndio tunaoambiwa tusimame nje ya mnyororo huo, tushike sauti ya neno na tuiache maana yake iende zake.

Na jicho si kioo tu. Litazameni lote, nyie wapenzi wa fasihi, muone ni shairi gani. Ile sehemu ya mbele inayong'aa, ambayo vitabu vyetu vya shule vinaiita "konea", asili yake ni pembe, pembe ya mnyama, kwa kuwa waliona ni ngumu na inapitisha mwanga kama pembe iliyokwanguliwa ikawa nyembamba. "Lenzi" ni Kilatini cha adesi, hizi hizi adesi tunazopika, kwa sababu ya umbo lake, na Waarabu nao wanaiita lenzi kwa neno hilo hilo la adesi. "Retina" inatokana na wavu. Nenda pwani ya Bububu jioni, watu wameanika nyavu, halafu mwambie mvuvi kwamba nyuma ya jicho lake kuna retina. Hana la kufanya na hilo neno. Mwambie nyuma ya jicho kuna wavu unaonasa mwanga, uone kama hatakuuliza swali la pili.

Istilahi nyingi za sayansi ni tashbihi zilizozoeleka. Mtu aliona kitu kigeni akakifananisha na kitu cha nyumbani. Ukitafsiri, unahamisha ile tashbihi na inaendelea kuishi. Ukikopa sauti tupu, unaletewa maiti ya tashbihi ya mwenzio, tena bila ile nguzo ya kuonea ya Herodotus. Na ndio maana nasema ugomvi huu ni wetu sisi wa fasihi, tusiwaachie wenye maabara peke yao. Kufananisha ndiyo kazi yetu. Marehemu Muhammed Said Abdulla, kabla ya kuwa mhariri na kabla ya kutupa Bwana Msa, alifanya kazi katika idara ya afya hapa Unguja. Zamani mtu wa afya na mtu wa hadithi waliweza kuwa mtu mmoja, na hakuna aliyeshangaa.

Kuna watakaosema Kiswahili hakina tabia hiyo, kwamba sisi hatuna mazoea ya kutunga maneno ya kitabibu. Jamani! "Mtoto wa jicho" mmelisahau? Ugonjwa ule wa lenzi kuingia ukungu, Wazungu wanauita kwa neno la Kigiriki lenye maana ya maporomoko ya maji. Sisi hatukuona maporomoko. Tuliona kitu cheupe kimejikunyata ndani ya jicho kama mtoto tumboni, tukasema mtoto wa jicho. Hakuna kamati iliyokaa. Na sasa neno hilo liko kwenye mabango ya kambi za upasuaji wa macho, madaktari bingwa wanalitumia, na sijasikia hata mmoja akilalamika kwamba ni maelezo. "Kisukari" je? Jina la Kigiriki la ugonjwa ule linatokana na kitu kupita moja kwa moja kama maji kwenye mrija, kwa sababu ya mkojo mwingi. Sisi tumesema sukari, na tumesema vizuri kuliko wao.

Na kubwa kuliko yote ni UKIMWI. Ulipoingia ugonjwa ule miaka ya 1980, jina la Kiingereza lilikuwa tayari limeenea dunia nzima. Tungeweza kulichukua kama lilivyo. Badala yake likatungwa jina, Upungufu wa Kinga Mwilini, likafupishwa, likashika. Leo mtoto wa darasa la tatu Makunduchi na bibi wa miaka themanini Nungwi wanalijua, na ukiwauliza maana yake watakwambia ni kinga ya mwili imepungua. Jina lenyewe lilikuwa somo la kwanza la kujikinga. Hivi karibuni tukafanya tena kwa UVIKO-19. Hayo yote ni maelezo, na yote ni istilahi.

Hata kioo chenyewe kimeshatendewa haki mara moja katika zama zetu. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zilipofika Dar es Salaam na intaneti ikaanza kwenda mbio, zilikuwa ni nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, zinazobeba mwanga. Watu wa mawasiliano wangeweza kutubebesha jina refu la kigeni. Wakasema "mkongo". Mkongo wa taifa. Neno fupi, la Kiswahili, na serikali na magazeti yakalichukua. Najua mtaani vijana wanasema "faiba" wakiungishwa nyumbani, na mie siwazuii. Lakini neno lipo, linafanya kazi, na mwanga unapita.

Turudi kwa watoto njiti, maana hapo ndipo penye uzito, na mengine yote ukiyalinganisha ni mapambo.

Mtoto aliyezaliwa mapema sana mara nyingi mapafu yake hayajatengeneza kitu chepesi cha mafutamafuta kinachozuia vifuko vidogo vya hewa visigandamane. Kila akishusha pumzi, vifuko vinafumba. Kila akivuta, inabidi vifumbuliwe upya kwa nguvu, na nguvu hana. Vifuko vinaumia, majimaji ya damu yenye protini yanavuja ndani, yanachanganyika na seli zilizokufa na kutandaza utando. Waliotazama mapafu ya watoto waliokufa kwa hadubini waliona utando huo umelainika na kung'aa kama kioo, wakauita hivyo. Chanzo chake, yaani ule upungufu wa kile kitu cha kulainisha, kilielezwa mwaka 1959 na Mary Ellen Avery na mwenzake Jere Mead huko Marekani. Miaka minne baadaye, Agosti 1963, ugonjwa huo ulimuua mtoto wa Rais Kennedy, Patrick, aliyezaliwa wiki tano na nusu kabla ya siku zake na kuishi saa 39. Rais wa Marekani, na hakuna lililofaa. Dawa ya kuwapa watoto hawa kile kitu walichokikosa ilikuja kuonyesha matokeo mwaka 1980, kazi ya Tetsuro Fujiwara wa Japani. Leo wanapona wengi, na kupona kwao kunategemea pia mama aliyeelewa mapema kwa nini mwanawe anakoroma na kwa nini kifua kinabonyea anapopumua.

Sasa chukua maneno yale, "membreni ya hayalini", ukamsomee mama huyo. Mie nilifanya. Nilimsomea jirani yangu mmoja, mama aliyewahi kujifungua wa miezi saba. Aliniuliza: "Hayalini ndo mdudu gani?" Nikamsomea tena kwa maneno yangu, utando kioo. Akanyamaza kidogo, akauliza: "Kwani mtoto kaingiliwa na kioo kifuani?"

Wapinzani wangu watafurahi hapo. Watasema umeona, neno lako linapotosha, afadhali lisiloeleweka kuliko linaloeleweka vibaya. Nimelifikiria jibu hilo kwa uzito, na nalikataa. Yale maswali mawili hayalingani. La kwanza ni la mtu aliyefungiwa mlango. Anabahatisha mdudu, kesho atabahatisha jini. La pili ni la mtu aliyekwisha kuingia ndani akakosea chumba. Nilimwambia, "La, bi mkubwa, ni utando mfano wa kioo, kama tunavyosema njugu mawe." Akacheka, akasema, "Aa, basi nshafahamu."

Na hiyo njugu mawe si mzaha. Ni kanuni ya sarufi tunayoitumia kila siku bila kuiandikia vitabu. Njugu mawe haina jiwe ndani. Ni njugu ngumu kama jiwe. Papa upanga hakubeba silaha. Askari kanzu si askari aliyeshonwa kwa kitambaa. Kiswahili kinaweka jina juu ya jina, na msikilizaji anajua mwenyewe kwamba la pili ni la kufananisha. Kazi ile ile aliyoifanya Galen kwa kuunganisha kioo na umbo, sisi tunaimaliza kwa kuyaweka maneno mawili pamoja. Basi utando kioo. Ute kioo wa jicho. Gegedu kioo, yaani ile nyeupe ya kuteleza unayoiona kwenye ncha ya mfupa ukila supu, inayofunika viungo vyetu na ambayo haina mishipa ya damu, ndio maana goti la mchezaji likichubuka ndani linachukua muda mrefu kupona kama litapona. Mwamba wa vigae vya kioo, unaotokea pale zaha ya volkeno inapoingia majini ikapasuka vipande. "Kigae" tunalo, "kioo" tunalo. Wagiriki hawana walichotuzidi hapo.

Tena sisi si wageni wa kioo. Bonde la Ufa la Kenya lina kioo cha volkeno, cheusi, kikali kuliko wembe. Kule Olorgesailie wanaakiolojia wameonyesha kwamba watu walikuwa wakikitengeneza zana zaidi ya miaka 295,000 iliyopita, na kukileta kutoka mbali kilomita nyingi. Hapa kwetu Unguja Ukuu zimefukuliwa shanga na vipande vya vyombo vya kioo vya zaidi ya miaka elfu moja. "Bilauri" yetu ya kunywea maji ni neno lililosafiri kutoka India kupitia Uajemi na Uarabuni, na ndugu yake aliyekwenda Ugiriki akazaa kule Ujerumani jina la miwani, "Brille". Neno la kioo liko kwenye kabati za vyombo za bibi zetu. Kisha mtu ananiambia Kiswahili hakijafika.

Kuna pingamizi la pili, kwamba "kioo" kina maana nyingi: cha kujitazamia, cha dirisha, cha simu. Kweli. Na "hyalos" ilikuwa na maana nyingi vilevile, kama nilivyoonyesha, na "vitrum" vilevile. Neno la kawaida huwa na maana nyingi. Linabanwa na jirani yake. Hakuna atakayesikia "gegedu kioo" akatafuta pa kuchania nywele.

La tatu ni kwamba daktari wetu lazima asome Kiingereza. Asome. Mjerumani mwenye "Glaskörper" yake anasoma na kuandika Kiingereza, na jicho la mgonjwa wake haliharibiki. Daktari ana vitabu vyake; kijitabu cha mama ni cha mama.

La nne ndilo ninaloliheshimu. Wanasema: wewe unataka kufasiri kila kitu, utatuletea vioja. Hapana. Kuna majina na kuna sifa. Oksijeni ni jina la kitu. Limekuja na kitu chake, acha lilale. Asidi ya hayaluroniki nayo ni jina. Karl Meyer na John Palmer waliitenga mwaka 1934 kutoka kwenye ute kioo wa macho ya ng'ombe, wakaunganisha kioo na jina la jamii ya asidi lenye asili ya neno la mkojo. Ukitaka kulifasiri neno kwa neno utapata asidi ya kioo na mkojo. Wachina, msicheke, wamefanya hivyo hasa: wanaiita "bo niao suan", kioo, mkojo, asidi, na wanaipaka usoni bila wasiwasi. Sisi si lazima tufike huko. Jina la kemikali libaki jina. Lakini "hayalini" si jina la kitu. Ni sifa, ni neno la kusema kitu kinafanana na kioo, na sifa ikishaachwa bila kufasiriwa haisifu tena.

Na hata jina likibaki, lielezwe. Pita maduka ya vipodozi kuanzia Darajani mpaka hapa njiani kwetu uone vichupa vilivyoandikwa hiyo asidi kwa herufi za dhahabu. Muuzaji hajui ni nini, mnunuzi hajui ni nini, na kutojua kwao ni sehemu ya bei. Mwambie binti kwamba ni kitu kilichomo mwilini mwake tangu kuzaliwa, mtu mzima ana kama gramu 15, kimo kwenye ngozi, kwenye magoti, kwenye jicho, na kazi yake kubwa ni kushika maji. Anaweza akanunua bado, hiari yake. Lakini atanunua kama mtu mwenye habari.

Najua pia ugonjwa ulipoanzia. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 iliamua hesabu na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na sekondari ni Kiingereza tangu hapo. Ile Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI, ya mwaka 1990, ikabaki kama nguo ya harusi isiyopata harusi. Neno lisilotumika darasani linaonekana la ajabu, kisha uajabu wake unafanywa sababu ya kutolitumia. Tukingoja sera ibadilike tutangoja. Lakini redio hazingoji, zahanati hazingoji, wala wachapishaji na sisi tunaoandika hadithi na makala hatuna haja ya kungoja ruhusa.

Kwetu Bububu kuna watu wanaokwambia jina la mji lilitokana na mlio wa treni iliyokuwa ikija kutoka Forodhani mwanzoni mwa karne ya 20. Hadithi tamu, ila Sayyida Salme alishaitaja Bububu katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, kabla ya reli hiyo. Wengine husema ni chemchemi, maji yanavyobubujika. Kwa vyovyote vile, watu walisikia kitu wakakipa jina kwa sikio lao. Hawakutuma barua Athens.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu, nyie mnaofasiri, mnaohariri na mnaoandika. Kwanza, acheni kuitumia hiyo kauli ya "hayo ni maelezo" kama hukumu. Mkiitoa, toeni na sababu. Pili, kabla ya kukopa neno, lifungueni muone ndani mna nini. Likiwa jina, likopeni. Likiwa sifa, lifasirini. Tatu, lisomeni kwa sauti mbele ya mtu atakayelitumia, msikilize swali atakalouliza. Na kama kuna mwenye neno bora kuliko utando kioo, alilete hapa tulijadili, mie nitakuwa wa kwanza kulichukua, alimradi lisiwe la Kigiriki lililobandikwa irabu mwishoni.